Samma ya kwanza chuoni (likizo ndefu ya kiangazi): mama hataki nifanye kazi yake, na mimi sijui nifanye nini

Shikamoo mama mshauri,

Naomba jina langu usiliweke maana Waswahili wa huku tunajuana wote, ukitaja mtaa tu watu washajua ni mtoto wa nani.

Nina miaka 19, kwetu ni Columbus, Ohio, kwa mama na wadogo zangu wawili waliozaliwa huku, ila siku za masomo nalala hosteli ya chuo. Mama alikuja Marekani mimi nikiwa na miaka 6, akaniacha Pangani kwa bibi, nikaja kuungana naye nikiwa na 14. Sasa hivi niko chuo mwaka wa kwanza, nachukua baiolojia, zimebaki wiki tatu tufunge. Niko premedi. Kwa wanaosoma wakiwa nyumbani nieleze kidogo, huku hutoki form six ukaingia udaktari moja kwa moja kama Muhimbili, unasoma kwanza digrii ya miaka minne, yoyote ile ilimradi upitie masomo ya sayansi wanayoyataka, unafanya mtihani unaitwa MCAT, ndo unaomba shule ya udaktari miaka minne mingine, halafu ukimaliza unakaa hospitali kama daktari mwanafunzi miaka mitatu au zaidi. Kwa hiyo mimi sio daktari na wala udaktari wenyewe sijauanza. Lakini mama ashawaambia watu. Mwaka jana kwenye harusi moja MC akanisimamisha ukumbi mzima, "dokta wetu huyo," watu wakapiga vigelegele, na mimi muda huo nimetoka kupata 54 kwenye mtihani wa kemia.

Shida yangu ni samma. Ni zaidi ya miezi mitatu na kila mtu ninayemjua ana mpango isipokuwa mimi. Rumeti wangu anakwenda kukaa maabara kwa profesa, baba yake anafahamiana na huyo profesa, na ashanunua vitabu vya MCAT vinene kama matofali viko juu ya kabati navitazama kila nikiamka. Msichana mwingine wa darasa letu amelipa kampuni imtafutie hospitali Tanzania akajitolee wiki nne, ameambiwa atasaidia kuzalisha. Akaja kwangu kwa furaha kabisa nimfundishe Kiswahili, neno la kwanza alilotaka kujua ni "sukuma". Nilimfundisha, lakini usiku sikulala vizuri, sijui hata kwa nini.

Mimi niliomba programu mbili za utafiti za samma zinazolipa. Moja wamenikataa. Nyingine nilichelewa, nilidhani mambo ya Juni yanaombwa Aprili kumbe wenzangu walishatuma maombi tangu Januari na Februari. Hakuna mtu aliniambia. Mama hajui haya mambo, na mimi ndo wa kwanza kwetu kufika chuo.

GPA yangu, yaani wastani wa alama, ni 3.3 kwa sababu ya kemia, nilitoka na C+. Nilikuwa nafanya kazi kantini ya chuo saa 15 kwa wiki. Mama anasema samma hii nichukue kemia ya oganiki ili niwe mbele ya wenzangu. Nikaenda kwa mshauri wa masomo, dakika 15 tu nilipewa, akasema nitafute saa za kuwa karibu na wagonjwa, mfano nisomee STNA, yaani cheti cha kuhudumia wagonjwa na wazee, kosi fupi na kazi zipo.

Sasa mama yangu ni STNA. Miaka 11 anafanya kazi nyumba ya wazee, usiku. Nilipomwambia alikuwa anakula kabla ya shifti, akaweka kijiko chini akaniambia, "Sikukutoa Pangani uje kuogesha wazee wa watu. Mmoja ndani ya nyumba hii anatosha." Akaondoka hata chakula hajamaliza. Mpaka leo hilo jambo hatujaligusa tena, tunasalimiana tu.

Halafu kuna mjomba wangu Tanga, ni tabibu hospitali moja ya huko, yeye anasema njoo nitakuingiza thieta, utashona mpaka uchoke, Marekani hawatakupa hiyo nafasi ukiwa premedi. Na bibi anaulizia nitakuja lini, miguu inamsumbua. Lakini tiketi ni pesa nyingi, benki nina dola 1,100 tu, na nikienda kukaa tu kwa bibi huko nitaandika nini kwenye fomu?

Kazi nyingine niliyowahi kuifanya inayohusu hospitali ni kumsindikiza jirani yetu Mkongo kliniki nikamtafsirie, nilikuwa na miaka 16, sidhani kama hiyo inahesabika.

Nimechoka mama. Naogopa nikiipoteza samma hii nitakuwa nishaachwa. Nifanye nini?

Binti wa Pangani, Ohio

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jana usiku nikairudia tena asubuhi, na kabla ya yote nikwambie kuwa 54 ya kemia ukiwa umesimama ukumbini watu wanakupigia vigelegele ni mzigo, na umeubeba peke yako. Nimekaa na wanafunzi wa namna yako miaka mingi, watoto wa kwanza kufika chuo kwao, na karibu wote wana hiyo hadithi ya harusi, mahali pengine ni kanisani, pengine msikitini, lakini ni ile ile ya kuitwa jina la kitu ambacho bado hujawa.

Nikikuelewa vizuri, unauliza samma hii uitumieje ili siku ya kuomba shule ya udaktari uonekane umefanya kitu. Mbele yako una kemia anayoitaka mama, cheti alichotaja mshauri, Tanga ya mjomba, na maabara ambayo imeshakupita. Na katikati kuna ugomvi na mama ambao hamjaugomba, na bibi ambaye umemtaja kwa mistari miwili tu. Nitarudi kwa bibi.

Kwanza niulize, nani kakwambia samma ya mwaka wa kwanza ndiyo inayoamua? Tuhesabu pamoja. Hata ukitaka kwenda moja kwa moja bila kupumzika hata mwaka mmoja, maombi utayatuma kuanzia mwisho wa Mei ukimaliza mwaka wa tatu, kwa hiyo una hii na ijayo, ambazo ni zako zote mbili. Na zaidi ya nusu ya wanaoanza udaktari Marekani siku hizi hawaendi moja kwa moja, wanakaa mwaka au miwili wanafanya kazi, wanakusanya pesa, wanajiandaa. Wastani wa umri wa kuanza ni kama miaka 24. Wewe una 19! Tena ile fomu ya maombi, ya AMCAS, yaani wale wanaopokea maombi ya shule za udaktari, ina nafasi 15 tu za shughuli zako tangu uanze chuo mpaka siku unatuma, na kila moja unaielezea kwa herufi 700, yaani aya moja fupi. Hakuna kisanduku cha kuuliza samma ya kwanza ulikuwa wapi. Na kantini yako ya saa 15 kwa wiki inaingia humo, iandike, weka tarehe na saa, kwa sababu mtu anayesoma atajua huyu alipata C+ huku anafanya kazi na mwenzake mwenye A alikuwa amelala. Sisemi C+ haina shida. Nasema ina maelezo.

Hivyo vitabu vya MCAT vya rumeti wako viache vikae juu ya kabati. Shule nyingi zinakubali alama za mtihani ule kwa miaka miwili au mitatu tu, na nusu ya yanayoulizwa hamjafundishwa bado.

Sasa kemia. Mama kasema kitu chenye mantiki, nikiwa mzazi na mimi ningefikiria hivyo hivyo, maliza gumu mapema. Lakini oganiki ya samma ni kosi ya wiki 15 iliyobanwa kwenye wiki kama 8, kila siku darasa, maabara, mtihani karibu kila wiki, ukiumwa siku tatu umeachwa sura nzima. Wapo wanaoipenda hivyo kwa sababu ni somo moja tu wanalishughulikia kutwa. Wewe umetoka kwenye C+ ya kemia ya mwanzo, na swali langu ni je, ulipata ile alama kwa sababu hukuwa na muda, au kuna vitu hukuvielewa? Kama ni muda, samma ambayo hufanyi kazi nyingine inaweza kukufaa kweli. Kama kuna vitu havijakaa sawa, oganiki itajengwa juu ya ufa. Na ujue jambo ambalo wengi wanalijua wakiwa wamechelewa, AMCAS wanahesabu kila mara uliyolichukua somo, ukirudia alama ya zamani haifutiki, zote mbili zinaingia kwenye wastani. Upande wa pesa, kama unapata Pell, ule msaada wa serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, unaweza kuuliza ofisi ya misaada kama unayo ya samma, ipo kwa wanaochukua angalau nusu ya mzigo wa masomo, ila inakula kwenye kikomo chako cha maisha ambacho ni sawa na semista 12. Kuna njia ya katikati pia ambayo hujaitaja, kukaa na notsi za kemia ya mwaka huu saa moja kila asubuhi, taratibu, bila kulipa mtu, uingie oganiki Agosti ukiwa umeziba ule ufa. Haiandikwi popote hiyo, lakini siku ya mtihani utaiona.

Nikae kidogo kwenye habari ya STNA, maana hapo ndipo barua yako ilipobadilika sauti.

Mambo ya kawaida kwanza. Kosi ni saa 75, ndani yake 16 unashika kazi kwenye nyumba ya wazee chini ya usimamizi, halafu mtihani wa kuandika na wa vitendo. Usikimbilie kulipa mamia ya dola kwenye shule za mtaani. Nyumba nyingi za wazee zinafundisha bure watu wanaowaajiri, na sheria ya shirikisho inazuia nyumba iliyokuajiri au kukuahidi kazi kukutoza ada ya mafunzo hayo, na ukilipia mwenyewe ukaajiriwa ndani ya miezi 12 kuna utaratibu wa kurudishiwa. Muulize mama, au mwenzake kazini, watalijua hilo kuliko mimi.

Kama njia ya kuelekea udaktari ni kitu kizito, sitakuficha. Wanafunzi wengi wa premedi wanakwenda hospitali kusimama pembeni, wanamfuata daktari, wanapanga magazeti, wanaandika saa. Anayemgeuza mgonjwa saa nane usiku ili asipate vidonda vya mgongo, anayemlisha mtu aliyesahau kumeza, anayekaa na mzee anayemuulizia mkewe aliyefariki miaka 20 iliyopita kila baada ya dakika kumi, huyo anajua ugonjwa unaishije ndani ya mwili wa mtu. Baadaye ukiulizwa kwa nini udaktari utakuwa na jibu lisilotoka kwenye kitabu. Lakini kazi inachosha, mgongo unaumia kweli, nyumba nyingi zina upungufu wa watu na wakishajua wewe ni kijana na hukatai watakupigia simu kila mtu akikosa shifti, na mwanafunzi aliyezoea hiyo pesa Septemba anashindwa kuiacha, anafika darasani analala. Ukiifanya, amua kabla hujaanza ni siku ngapi kwa wiki na mwisho ni tarehe gani.

Na mama. Mwanangu, ulisikia anasema kazi yake ni ya aibu? Mimi nilivyoisoma, na naweza nikawa nimekosea maana sikuwepo mezani, nimesikia mtu anayelinda kitu. Alikuacha una miaka 6. Miaka minane alilipa kwa kutokuona ukipoteza meno ya utoto, alilipa kwa mgongo wake usiku kwa usiku, na kwenye hesabu yake kile alichonunua ni wewe usiinue anachokiinua yeye. Halafu unakuja unamwambia mshauri wa chuo kasema njia ya udaktari inapita pale pale. Lazima kijiko kianguke. Watu wetu wanacheka "tunabeba maboksi" lakini nani amewahi kumuuliza mama yako zile shifti zimemfundisha nini kuhusu wagonjwa? Miaka 11, anajua kabla ya nesi kwamba mzee fulani ana maambukizi ya mkojo kwa sababu ghafla kaanza kuchanganyikiwa. Hiyo ni elimu, na iko nyumbani kwenu inakunywa chai.

Siku asiyokuwa na shifti ungeweza kumuuliza, bila kumwomba ruhusa ya kitu chochote, siku ya kwanza kazini ilikuwaje, nani alikufundisha, mgonjwa gani hujamsahau. Anaweza akakataa kuongea. Anaweza akalia. Inawezekana pia akikueleza yote ukaamua wewe mwenyewe hiyo kazi huitaki, na hilo nalo ni jibu halali kabisa, usidhani nakusukumia huko. Na ukiitaka, kuna tofauti ya kwenda kinyume chake na kwenda baada ya kumsikiliza, hata kama atabaki haridhiki.

Ulichokisema kwa kupita, kumsindikiza jirani Mkongo, mimi nilisimama hapo muda mrefu. Ulikuwa na miaka 16 na kwa kweli haikupaswa uwe wewe. Hospitali na kliniki zinazopokea pesa za serikali kuu zinatakiwa zimpe mgonjwa mkalimani bure, na mtoto hatakiwi kutumika kutafsiri isipokuwa kwenye dharura hasa. Lakini umeona kitu. Umemuona mtu anasema "tumbo inaniluma" na wewe wa Pangani unatafuta kichwani ni "linauma" au "linanyonga", daktari anasubiri, na mgonjwa anakutazama wewe sio daktari. Umewahi kufikiria "kichomi" utamwambiaje daktari wa Ohio kwa neno moja? Huwezi, na ukikosea anapimwa kitu kingine. Wakimbizi wa Kongo ni wengi kwenye miji ya huko, Kiswahili kinatafutwa hospitalini, na mafunzo ya mwanzo ya ukalimani wa afya ni saa 40, unatakiwa uwe na miaka 18 na uwe umemaliza sekondari, vyote unavyo. Vyeti vyenyewe vya kitaifa vipo pia, kwa Kiswahili unapitia ule mtihani wa msingi unaoitwa CoreCHI kwa sababu wa lugha yenyewe bado hawana. Mafunzo yanalipiwa, na kazi mara nyingi ni ya kuitwa ikitokea apointimenti, kwa hiyo pesa haina uhakika, wiki hii saa 10, wiki ijayo sifuri. Na ni kazi ya masikio yanayosikia habari nzito, mama anaambiwa mimba imetoka na wewe ndo mdomo wa kumwambia. Fikiria kama uko tayari. Kama mwaka huu bado, ijue tu kuwa ipo, maana ulivyouliza "sidhani kama hiyo inahesabika" nilihuzunika kidogo. Rumeti wako na baba yake na profesa wao hawana Kiswahili.

Nije Tanga. Mjomba anakupenda na anakupa alichonacho, mimi namheshimu. Lakini hebu rudi kwenye ule usiku uliokosa usingizi baada ya kumfundisha mwenzako "sukuma". Nadhani ulimuona mama wa Kitanzania, pengine mtu unayemjua, amelala pale kwenye uchungu na mbele yake kuna msichana wa miaka 19 aliyesoma kemia mwaka mmoja, ambaye Ohio hata kumchoma mtu sindano haruhusiwi. Ulijua kwamba pana kitu hakiko sawa. Basi na wewe ukishona kidonda cha mvuvi Tanga kwa sababu mjomba kakuingiza thieta, yule mvuvi ana tofauti gani? Hata nyumbani daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajamshika mgonjwa, sio kwamba hakuna utaratibu. Na shule za udaktari za Marekani hazilishangilii hilo, chama chao, AAMC, kina mwongozo wa wanafunzi wanaokwenda nje na maana yake ni kwamba usifanye ugenini usichoruhusiwa kukifanya kwenu, ukiandika kwenye fomu kwamba ulishona unaweza ukaonekana mtu asiyejua mipaka yake. Kukaa na mjomba, kumtazama anavyoongea na wagonjwa, kukaa benchi la nje na waliotoka vijijini tangu alfajiri, akipata idhini ya hospitali na wagonjwa wakikubali, hiyo ni habari nyingine na mimi naiona ina thamani. Mikono mfukoni tu.

Mwenzako huyo sijui kama utapenda kumwambia. Yeye hana nia mbaya, kalipa pesa, kauziwa hivyo. Ukiweza, mfundishe na "pole" na "naomba ruhusa", ajue maneno hayo yapo.

Maabara sitaiongelea sana. Umechelewa mwaka huu, sio kosa lako, sasa unajua kwamba Novemba unaanza kutafuta na kufikia Februari milango mingi imefungwa. Zile zinazolipwa na mfuko wa sayansi wa taifa, REU, zinataka uraia au ukazi wa kudumu, kwa hiyo angalia karatasi zako. Na huhitaji baba anayemfahamu profesa, baadhi ya wanafunzi niliowaona wakiingia maabara waliandika barua pepe fupi mwezi wa nane, mistari mitano, nimesoma kazi yako hii, nimevutiwa na hiki, naweza kuja hata kuosha vyombo vya maabara. Wengi hawajibu. Mmoja anatosha.

Umeandika "nimechoka mama" mwishoni kabisa, kama kitu cha kuombea radhi. Miezi tisa ya masomo na kazi na kujifanya dokta ukumbini, ningeshangaa mimi kama usingechoka. Hata mwezi mmoja wa kulala vizuri, kupika, kucheza na wadogo zako hauwi samma iliyopotea. Ingawa najua dola 1,100 hazikuruhusu kulala miezi mitatu na sitajifanya siioni hiyo hesabu.

Nilisema nitarudi kwa bibi. Kwenye barua nzima umenihesabia GPA, saa, dedlaini, alama, na bibi aliyekulea miaka nane kapata mistari miwili halafu ukauliza ukikaa naye utaandika nini kwenye fomu. Nadhani unaogopa kuliuliza swali lenyewe, kwamba unataka kwenda kumuona na unaona huna haki ya kutaka kitu ambacho hakikupeleki mbele. Mimi sijui hali yake ikoje. Miguu ya mtu mzima inaweza kuwa miguu tu au inaweza kuwa moyo au sukari, mjomba ni tabibu na yuko jirani, mwombe ampime akuambie ukweli, sio ule ukweli wa kuwatuliza watoto walioko nje. Jibu lake linaweza kubadilisha kila kitu nilichoandika hapa. Tiketi za Juni na Julai ndo ghali, za mwanzoni mwa Mei au mwishoni mwa Agosti zinaweza kuwa nafuu, na kama bado uko kwenye grinikadi hujawa raia, zungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji kuhusu kusafiri maana taratibu zinabadilika, vyuo vingi vina wa bure. Inawezekana ukafanya kazi Juni na Julai, ukaenda wiki mbili Agosti. Inawezekana ikabidi iwe mwakani. Inawezekana mama naye hajamuona mama yake tangu aondoke, hukuniambia, na mimi ningependa kujua.

Ukishaongea na mjomba niandikie tena, hata mistari miwili. Na bibi msalimie, mwambie shikamoo kutoka kwangu.